Mkanda mmoja wa mbavu kwenye V8 ya zamani: umeme umetulia, lakini joto linapanda gari likisimama

#1 Mwenye_327
Wadau, salaam. Nina Chevrolet ya mwaka 1968 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 327, ambayo mpaka hivi karibuni ilikuwa inatumia fenibelti mbili za V, moja ikizungusha pampu ya maji na alteneta, nyingine ikizungusha pampu ya pawa stering. Nilipofunga kompresa ya AC na alteneta ya ampea 140, mkanda wa alteneta ukawa unateleza na kulia kila nikiwasha taa na AC kwa pamoja, hata nikiukaza kiasi cha kuhofia beringi. Hivyo nimeng'oa mfumo wote wa mbele na kufunga ule wa injini ya 350 ya pikapu za Chevrolet za mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani mabraketi, tenshena ya springi (kikaza mkanda), pampu ya maji, feni na dampa ya kranki (pete nzito ya kupunguza mtetemo), na sasa mkanda mmoja wa mbavu sita unazungusha kila kitu.

Umeme umetulia kabisa. Matatizo ni mawili. Gari likiwa kwenye foleni, joto linapanda taratibu mpaka karibu na alama nyekundu, na nikianza kutembea linashuka lenyewe. Pili, injini ikiwa baridi kuna mlio mkali unaokuja na kupotea, hasa ninapokata kona. Je, haya mawili yana chanzo kimoja? Na walionitangulia wanaweza kusema kwamba mkanda wa mbavu ni bora kuliko wa V kwa kila hali?

#2 Puli_Kubwa
Kabla ya yote, angalia pampu ya maji inazunguka upande gani. Katika mfumo huo mkanda unaipitia pampu kwa mgongo wake laini, si kwa upande wenye mbavu, kwa hiyo pampu inazunguka kinyume na kranki. Ukifunga pampu ya zamani kwenye njia hiyo ya mkanda, itarudisha maji yalikotoka na injini itachemka. Nimeona watu wakibadilisha rejeta na themostati wakati kosa liko kwenye pampu.

#3 Mwenye_327
Ahsante mkuu. Pampu ilitoka kwenye injini ileile yalikotoka mabraketi, na nilipoifungua nilikuta mapanga yake yamepinda kuelekea upande ulio kinyume na ya pampu yangu ya zamani. Nadhani hapo pako salama.

#4 Msomi_wa_Spana
Naomba nirekebishe jambo moja katika mchango namba 2, kwa sababu limerudiwa sana. Pampu ya maji ya gari husukuma maji kwa nguvu ya kuyatupa nje kutoka katikati, na hata ikizungushwa kinyume, maji bado yanatoka kwenye tundu lilelile la kutokea. Hayarudi nyuma. Kinachotokea ni kwamba mapanga yaliyopinda yanayakabili maji kwa upande usiofaa na mtiririko unapungua sana, hasa kwenye mizunguko midogo. Matokeo ya mwisho ni yaleyale ya kuchemka, lakini anayetafuta tatizo kwa kuangalia maji yanaelekea wapi hatapata jibu.

#5 Mzee_Karbureta
Vijana mmekimbilia pampu, na feni je? Kama imefungwa kwenye pampu, nayo inazunguka kinyume, na feni ya kawaida ikizungushwa kinyume inapuliza hewa kwenda mbele ya gari. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabara unaishinda na unaona joto zuri. Ukisimama, hakuna hewa ya maana inayopita kwenye rejeta. Hiyo ndiyo hadithi aliyoileta mleta mada, neno kwa neno. Chukua karatasi nyepesi, iweke mbele ya rejeta injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu. Ikivutwa na kunata, feni iko sawa. Ikisukumwa, umepata mchawi wako.

#6 Mwenye_327
Mzee wangu, nimefanya hivyo. Karatasi inavutwa, lakini kwa unyonge. Nikiiachia inateleza chini polepole. Mapanga ya feni ni ya mfumo huohuo wa pikapu, hivyo yana mwelekeo unaotakiwa. Klachi ya feni, ile yenye mafuta ya silikoni ndani, ndiyo pekee niliyonunua mpya.

#7 Puli_Kubwa
Basi tuko hapo. Klachi hizo nazo zina mwelekeo. Ndani kuna sahani inayozunguka na kijipanga kinachosukuma mafuta kati ya hifadhi yake na mifereji inayokamata feni, na kijipanga hicho kimetengenezwa kwa upande mmoja tu. Klachi ya injini za kawaida ukiifunga kwenye pampu inayozunguka kinyume, itaonekana nzima, itafungika kwa boliti zilezile nne, na feni itazunguka, lakini haitakamata sawasawa joto linapopanda. Nyingi za kinyume huwa zimeandikwa hivyo kwenye uso wake.

#8 Mwenye_327
Yangu haina maandishi yoyote. Nitarudi dukani kuuliza, ingawa muuzaji alinihakikishia kwamba zote ni sawa.

#9 Mzee_Karbureta
Muuzaji ambaye kwake zote ni sawa huwa ana moja tu ya kuuza.

#10 Mhandisi_Mvivu
Hakuna aliyeuliza kuhusu uwiano wa puli. Mfumo unapobadilishwa, mara nyingi puli ya kranki inakuwa ndogo kuliko ile ya zamani, hivyo pampu na feni zinazunguka polepole zaidi injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Tupe vipenyo vyote tufanye hesabu badala ya kubahatisha.

#11 Mwenye_327
Puli ya zamani ya kranki ilikuwa na milimita 170 na ya pampu 180. Sasa kranki ina milimita 140, kwa sababu puli ya pikapu iligusa fremu nikalazimika kutafuta ndogo zaidi. Pampu ina 155, na alteneta 58. Injini inatulia kwenye mizunguko 650 kwa dakika.

#12 Mhandisi_Mvivu
Nashukuru kwa vipimo. Zamani pampu ilikuwa inapata mizunguko 650 mara 170 kugawanya kwa 180, yaani takriban 614 kwa dakika. Sasa inapata takriban 587. Tofauti ni asilimia 4 na kidogo. Mtiririko wa maji unafuata mizunguko moja kwa moja, kwa hiyo nao umepungua kwa kiasi hichohicho, na kwa maoni yangu hilo peke yake haliwezi kuichemsha injini iliyokuwa ikipoa vizuri. Alteneta yako inapata karibu mizunguko 1,570 gari likiwa limesimama, ambayo ni ya chini kidogo, lakini kwenye mizunguko 6,000 ya injini itafika 14,500 hivi, na alteneta nyingi za kisasa zinavumilia hata 18,000. Kwa upande huo usiwe na wasiwasi.

Nimeanza kwa kuishuku puli na hesabu yangu mwenyewe imeitetea. Hata hivyo usiiondoe kabisa kwenye orodha: kama klachi ya feni ni dhaifu na hewa ni kidogo, asilimia 4 inaongezeka juu ya upungufu mwingine.

#13 Dada_Gasketi
Nina swali la msingi ambalo limerukwa. Hedi za injini hizo kabla ya mwaka 1969 hazina matundu ya boliti kwenye ncha zake, na mabraketi ya pikapu yanategemea matundu hayo. Uliyafungaje?

#14 Mwenye_327
Swali zuri, dada. Nilitengeneza bamba la chuma la milimita 8 linaloshikwa na boliti za pampu ya maji pamoja na mbili za manifoldi, kisha mabraketi yakafungwa juu ya bamba hilo. Pampu yenyewe ni ndefu kuliko ile fupi ya 1968 kwa inchi moja na zaidi, hivyo rejeta nayo nimeisogeza mbele.

#15 Dada_Gasketi
Basi mimi nahamia kwenye mlio wako wa kona. Pampu ya pawa stering inapofika mwisho wa usukani, shinikizo la mafuta linapanda ghafla na puli inaukataa mkanda kwa nguvu. Bamba lililoshikwa na boliti za pampu ya maji likipinda hata kidogo wakati huo, puli inainama, mbavu za mkanda zinaingia kwenye mifereji yake kwa pembe, na unasikia mlio. Injini ikizimwa kila kitu kinarudi mahali pake, ukiweka rula unaona mstari umenyooka. Nimelikuta hilo kwenye gari la mteja ambaye alikuwa ameshabadilisha mikanda mitatu. Mwambie mtu akate usukani mpaka mwisho injini ikiwa inanguruma, wewe angalia ncha ya braketi ukiwa mbali na mkanda.

#16 Spana_Kumi_na_Tatu
Kabla ya kushuku bamba, kuna jaribio rahisi la kutofautisha aina mbili za mlio. Nyunyizia maji kidogo kwenye upande wa mbavu injini ikiwa inanguruma, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukipotea kwa sekunde chache kisha ukarudi, puli hazijanyooka. Ukiongezeka palepale, mkanda unateleza, yaani ukazaji hautoshi au mkanda umechakaa. Kipimo cha kunyooka kinachotumika sana ni kutozidi milimita 1.5 kwa kila milimita 300 za umbali kati ya puli na puli.

#17 Mwenye_327
Nimenyunyizia. Kwa sekunde mbili tatu mlio ulipotea, ukarudi, na nilipokata usukani ukaongezeka. Sasa sijui ni jaribio lipi kati ya mawili nililofanya. Nimeweka pia rula ya chuma: alteneta imejitokeza mbele kwa milimita 2, na umbali wake kutoka kwenye kranki ni milimita 350.

#18 Spana_Kumi_na_Tatu
Kwa umbali huo kikomo ni kama milimita 1.75, kwa hiyo umepita kidogo. Kwangu mimi hilo linatosha. Irudishe alteneta nyuma kidogo kwenye braketi yake na mlio utaisha.

#19 Msomi_wa_Spana
Hautaisha, au utaisha nusu. Robo ya milimita haielezi kwa nini mlio unafuata usukani. Mleta mada, tuambie mkanda unapita wapi, kuanzia unapotoka kwenye kranki kwa mwelekeo unaokwenda.

#20 Mwenye_327
Ukitazama kwa mbele, kranki inazunguka kufuata mshale wa saa. Mkanda ukitoka kwenye kranki unakwenda kwanza kwenye pampu ya pawa stering, kisha tenshena, kisha alteneta, kompresa, unaipita pampu ya maji kwa mgongo, halafu unarudi kwenye kranki. Tenshena sikuweza kuiweka ilipokuwa kwenye pikapu kwa sababu ya boksi la usukani.

#21 Msomi_wa_Spana
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kranki inauvuta mkanda kuelekea kwake, kwa hiyo kipande kinachoingia kwenye kranki ndicho kilichokaza kuliko vyote na kipande kinachotoka ndicho kilicholegea kuliko vyote. Kila puli inayobeba mzigo inaongeza mkazo kwenye kipande kinachofuata. Tenshena hushika mkazo usiobadilika mahali ilipo tu, si kwenye mkanda mzima. Ikikaa mara baada ya kranki, kipande dhaifu kuliko vyote kina mkazo wa springi, na vingine vyote viko juu ya hapo. Ikikaa baada ya pampu ya pawa stering kama yako, basi kipande kati ya kranki na pampu hiyo kinabaki na mkazo wa springi ukitoa mzigo wa pampu. Ukikata usukani mpaka mwisho, mzigo unapanda, na kipande hicho kinakaribia kulegea kabisa. Mkanda unateleza kwenye kranki au kwenye pampu yenyewe.

Hii inaeleza pia kwa nini unasikia zaidi injini ikiwa baridi: mafuta ya stering baridi ni mazito na pampu inataka nguvu zaidi.

#22 Dada_Gasketi
Maelezo yako yamekaa vizuri, ndugu, lakini bamba linalopinda nalo linafuata usukani, na nalo linaonekana zaidi mafuta yakiwa mazito. Dalili ni zilezile. Bado nasema atazame braketi kwanza, kwa sababu kutazama hakuhitaji kufungua boliti hata moja.

#23 Mzee_Karbureta
Ninyi endeleeni na mkanda wenu mmoja wa kisasa ulioletwa na Chevrolet. Mimi mikanda yangu miwili ya V ikikatika mmoja, nafika nyumbani kwa mwingine. Wenu ukikatika, hakuna alteneta, hakuna maji, hakuna usukani, mnabaki kuomba lifti.

#24 Fox_Tano_Sifuri
Mzee, shikamoo. Sahihisho dogo: gari lililotangulia kuuzwa na mfumo huu lilikuwa Ford Mustang ya 1979, si Chevrolet. Na kuhusu kufika nyumbani, kwenye injini ya mleta mada mkanda mmoja wa V ndio uliokuwa unazungusha pampu ya maji na alteneta kwa pamoja. Huo ukikatika, mkanda uliobaki ungekusaidia kukata kona tu, wala usingekufikisha nyumbani.

Kwa kuwa mimi ni wa Ford, naongeza jambo kwa wenzangu wanaosoma. Mwenye injini ya Ford V8 ya 302 ya zamani akitaka mfumo wa mbele wa Mustang za miaka ya 1980 aangalie dampa kwanza. Za mwanzo zina puli ya boliti tatu, za baadaye nne. Tena injini za kabla ya miaka ya 1980 zilisawazishwa kwa wakia 28 na zilizofuata kwa wakia 50, kwa hiyo dampa ya mfumo mpya ukiifunga kwenye kranki ya zamani bila kujali uzito huo, injini itatetemeka mpaka ivunje kitu. Mleta mada, hata wewe ulibadilisha dampa, kwa hiyo chunguza hilo.

#25 Msomi_wa_Spana
Onyo hilo ni la kweli kwa Ford, na kwa Chevrolet ya 400, lakini halimhusu mleta mada. Kranki ya 327 imesawazishwa kwa ndani, na dampa ya 350 haina uzito wa kupotosha, kwa hiyo kwa upande wa mtetemo hana tatizo.

#26 Taa_ya_Taimingi
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini neno dampa limeniinua. Mtetemo haupo, sawa, ila kuna alama. Kwenye injini hizi ndogo za V8 za Chevrolet, mstari wa taimingi (wakati wa kupiga cheche) kwenye dampa ulihamishwa mwaka 1969: kabla ya hapo ulikuwa nyuzi 2 kutoka kwenye mfereji wa ufunguo wa kranki, baada ya hapo nyuzi 10. Kiashiria chako kwenye kava la mbele ni cha 1968, dampa yako ni ya miaka ya 1980. Hivyo taa ya taimingi inakuonyesha namba iliyopotoka kwa nyuzi 8 hivi.

Na taimingi iliyochelewa ni chanzo maarufu cha joto gari likiwa limesimama. Mchanganyiko unawaka ukichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, na joto ambalo lingefanya kazi linaishia kwenye kuta za hedi na njia za moshi, kisha kwenye maji. Ukiwa kwenye mwendo, taimingi inawahishwa na vyuma vya ndani ya distribyuta, upepo nao unasaidia, joto linashuka. Je, uliseti taimingi upya baada ya kazi hii?

#27 Mwenye_327
Niliiseti kwa taa, kwa namba ileile niliyoitumia miaka yote.

#28 Taa_ya_Taimingi
Basi namba ileile kwenye alama nyingine si taimingi ileile. Toa plagi ya silinda ya kwanza, weka kizuizi cha pistoni, zungusha kranki kwa mkono upande mmoja mpaka igonge taratibu, weka alama ya chaki kwenye dampa, zungusha upande wa pili, weka alama nyingine. Katikati ya alama mbili ndipo pistoni iko juu kabisa. Hapo utajua kama ulikuwa umeichelewesha au umeiwahisha. Pia tazama pete ya mpira iliyo kati ya sehemu mbili za dampa, kwa maana ikizeeka, pete ya nje inateleza na mstari unahama bila kukuaga.

#29 Puli_Kubwa
Nakubali kwamba alama inaweza kuwa imepotoka, lakini karatasi iliyoteleza kwenye rejeta haihusiani na taimingi. Hewa ni kidogo, na hewa ni kazi ya klachi. Mimi sijahama.

#30 Fox_Tano_Sifuri
Na kava la plastiki linaloizunguka feni? Amesogeza rejeta mbele na pampu ni ndefu zaidi. Kama mapanga yote yameingia ndani ya kava, au yote yako nje, feni inavuta hewa ileile ya chumba cha injini badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwa kawaida nusu ya upana wa panga ikae ndani na nusu nje.

#31 Mwenye_327
Mapanga yangu yako nje ya kava karibu yote. Kwa hiyo sasa kwa joto nina klachi, kava, taimingi na ile asilimia 4, na kwa mlio nina alteneta, bamba na tenshena. Kuhusu bamba nimetazama kama dada alivyoelekeza: linasogea, lakini kwa kiasi ambacho siwezi kukiapia kwa macho. Nitaanza na kizuizi cha pistoni kwa sababu hakinigharimu kipuri, kisha nitahamishia tenshena upande wa kranki.

#32 Msomi_wa_Spana
Vizuri. Kabla hujaagiza mkanda mwingine, fahamu kwamba ukihamisha tenshena urefu unabadilika. Pitisha uzi kwenye njia mpya yote, tenshena ikiwa katikati ya mwendo wake, na upime uzi huo. Ukipata milimita 1,500, unatafuta 6PK1500. Sita ni mbavu, namba ya mwisho ni urefu. Tenshena ikiishia kwenye kikomo chake cha juu au cha chini hata ukiwa na mkanda mpya, ni ukuta tu, haikazi chochote.

#33 Dada_Gasketi
Na ukiifungua hiyo tenshena, ongeza mguu wa tatu kwenye bamba uende mpaka kwenye boliti ya bloku. Msomi akiwa sahihi hutapoteza kitu, na mimi nikiwa sahihi utakuwa umeshamaliza kazi.

#34 Mzee_Karbureta
Marahaba, kijana wa Ford. Mleta mada, fenibelti zako za zamani usizitupe, nitazichukua mimi.